Thilagavathi Akka, Aliyewakalisha Ndugu Wawili Mbele ya Kamera Moja

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, saa kumi na moja jioni, Thilagavathi Akka atavua vipokea sauti vyake kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha pampu hapa Coimbatore kwa miaka thelathini na sita kamili. Katika miaka hiyo yote amechelewa kazini mara mbili tu: siku ya mafuriko na siku ya harusi yake. Ile ya harusi aliomba radhi. Jina lake ni Thilagavathi. Hilo la Akka, yaani dada mkubwa, tumemwongezea sisi, pamoja na wale waliomzidi umri.

Aliajiriwa Juni 1988 kama opereta wa simu. Enzi hizo kuzungumza na mteja wa Bombay ilikuwa safari: unaomba laini asubuhi, unaipata baada ya chakula cha mchana, na ukishaipata unapiga kelele mpaka mtaa mzima unajua mazungumzo yenu. Akka ndiye aliyekuwa akiomba laini, akiibembeleza, na ikikatika, akilaumiwa.

Mwaka 1997 ikaja simu ya mkutano, kile kidude cheusi cha kuwekwa katikati ya meza ili watu kumi wazungumze na mteja mmoja. Kilifika juma la Ayudha Puja, sikukuu ambayo mashine zote hupakwa sandali na kuvishwa mashada. Nacho kikavishwa shada la yasmini, nene kama mkono. Kwa siku nne mteja wa Pune akawa analalamika kwamba anatusikia kama watu waliofunikwa mablanketi. Akka aliinua shada, akasema, "Mungu amekwisha kubariki, sasa tusikike." Tukasikika.

Yeye pia ndiye aliyepiga marufuku murukku, vile vitafunio vikavu vya unga wa mchele, mikutanoni. Mteja mmoja aliuliza kama laini inakwaruza, Akka akamjibu kwa upole, "Laini ni nzima, bwana. Ni meneja wetu wa mauzo anatafuna." Siku hiyohiyo mlangoni kukabandikwa tangazo lililopo mpaka leo: MMOJA ASEME, WENGINE WAPUMUE.

Lakini Akka wetu atakumbukwa zaidi kwa mkutano wa Septemba 2021, nami niliuona wote, kwa kuwa mtu wa usafirishaji kama mimi, Ilango, huwa kwenye kijisanduku cha chini kushoto mwa skrini ambacho hakuna anayekitazama.

Wote tunajua, ingawa hatukuwa tukisema, kwamba wakati ule wakurugenzi wetu wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa hawasemezani. Bwana Mkubwa, Palaniappan, alitaka pampu zibaki kijani kama alivyoziacha marehemu baba yao. Bwana Mdogo, Kathiresan, alitaka ziwe buluu. Rangi tu. Ofisi yao ikagawanywa kwa ukuta wa mbao, na wakaanza kukutana kwa video, kila mmoja upande wake, hatua nne baina yao. Bwana Mkubwa alikuwa akisema kwenye kamera, "Akka, mwambie mdogo wangu ripoti haijanifikia." Naye Bwana Mdogo anajibu, "Akka, mwambie kaka nimemsikia. Ukuta ni wa mbao." Mwaka ule dunia nzima ilikuwa ikikutana kwa video, hivyo hakuna mgeni aliyeshangaa.

Bwana Harith wa Sohar, Oman, alitaka pampu elfu tatu na mia mbili za kuzamishwa visimani. Bila oda hiyo, kitengo cha kuyeyusha chuma kingefungwa na watu arobaini na mmoja wangerudi nyumbani. Bwana Harith alipoona wakurugenzi hawakai pamoja, Bwana Mdogo alimwambia kwamba yeye yuko ofisi ya Chennai. Hatuna ofisi Chennai.

Mkutano ulikwenda vizuri mpaka tausi alipotua kwenye dirisha nyuma ya Bwana Mkubwa. Tausi hapa si habari. Akajitikisa, akafunua mkia, akaondoka akitembea ukingoni. Nusu dakika baadaye akatokea nyuma ya Bwana Mdogo, Chennai, kilomita mia tano kutoka alipokuwa.

Bwana Harith akasogeza uso kwenye kamera. "Samahani," akasema, "huyo ndege wenu amepanda ndege gani?"

Bwana Mdogo akageuka kutazama dirisha lake, na Bwana Harith akaendelea:

"Nauliza mara moja tu. Nani kati yenu ananidanganya?"

Bwana Mkubwa alifanya jambo ambalo sikuwahi kulitarajia kwa mtu wa hadhi yake: aliganda. Alibaki mdomo wazi, kidole hewani, kama mtu aliyekatikiwa na mtandao. Bwana Mdogo naye, kwa kuona kaka yake kabuni kitu, akaganda akiwa amekunja uso. Ingekuwa mbinu nzuri sana, isipokuwa feni za dari zilikuwa zikizunguka nyuma yao wote wawili.

Ndipo Akka akawasha kipaza sauti chake.

"Bwana Harith," akasema, "mtandao ni mzima. Waliokwama ni mabwana zangu." Akaeleza yote: ukuta, kijani, buluu.

"Rangi?" akauliza Bwana Harith. "Pampu zangu zinazama kisimani mita sitini. Huko chini ataziona nani, chura?" Hakucheka. "Sikilizeni. Siwezi kununua pampu kwenye nyumba yenye ufa. Kesho zikiharibika nitamlalamikia nani? Adhuhuri imeingia kwetu. Naenda kuswali. Nikirudi niwaone wote wawili kwenye picha moja, la sivyo tuagane."

Skrini yake ikawa nyeusi, na Bwana Mkubwa akayeyuka papo hapo. "Thilagavathi! Umenivua nguo mbele ya mteja!"

"Nguo mlishavua wenyewe, bwana," Akka akamjibu. "Mimi nimewasha taa tu. Mkinifukuza, nifukuzeni kesho. Leo kuna watu arobaini na mmoja kule tanuruni."

Lakini nani aende kwa nani? Bwana Mkubwa alisema hawezi kumfuata mdogo. Bwana Mdogo alisema kaka ndiye aliyejenga ukuta. Dakika zinakwenda. Akka akaibeba kompyuta mwenyewe mpaka ukumbini, katikati kabisa ya milango miwili, akaiweka juu ya meza ya mtungi wa maji. "Ilango, viti!" akaniamuru. Nikaleta viwili, na kwa kuwa ukumbi ni mwembamba, vikagusana.

Wakatoka. Wakakaa wakitazama mbele kama watu wa picha ya pasipoti. Kisha Bwana Mdogo akatazama chini. Viatu vya kaka yake vilikuwa vimepasuliwa kwa kisu ubavuni ili miguu iliyovimba iingie.

"Kaka. Miguu imefanya nini?"

"Sukari."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, baada ya sikukuu ya Pongal."

"Mwaka mzima nakuona kila siku! Mbona hukuniambia?"

"Unaniona kuanzia kifuani kwenda juu," akasema Bwana Mkubwa. "Ningesema lini? Haikuwemo kwenye ajenda."

Bwana Harith aliporudi alimkuta Bwana Mdogo amepiga magoti, nusu yuko nje ya picha, anamvua kaka yake viatu. Akasubiri. Alipoona hawana haraka, akasema, "Nimewaona. Leteni mkataba, na msizipake rangi yoyote."

Ukuta ulibomolewa wiki iliyofuata. Akka alingoja barua ya kufukuzwa siku kumi na moja, na siku zote hizo Bwana Mkubwa alimpita bila salamu. Barua ilipokuja, ilimfanya Mratibu wa Mikutano, na chini yake kulikuwa na sahihi mbili, za kwanza kukaa pamoja kwenye karatasi moja tangu ugomvi uanze. Akka aliisoma, akaikunja, akaingia msalani akalia, kisha akatoka akauliza nani ameacha kipaza sauti wazi.

Kuanzia Jumatatu kazi yake itafanywa na watu wawili. Yeye anahamia Pollachi, kwenye minazi ya mumewe, ambaye ametuambia kwamba anampokea kwa furaha na kwa hofu kidogo.

Thilagavathi Akka, asante kwa kila laini uliyotuunganishia, na kwa ile moja ambayo hakuna mwingine angethubutu. Tunakuombea afya, kahawa ya moto, na usingizi mtamu wa mchana. Na simu ikilia Jumatatu saa tatu asubuhi, tafadhali usiipokee: ni Bwana Mkubwa, anatafuta kitufe cha kuwasha kipaza sauti.