Nimeshiba Moshi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Sijaona Bwanaheri wa Mtawanya, Kibiti. Bi Sijaona alitutoka Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka hamsini na sita. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wengi mnamjua kwa masihara yake. Mimi nataka mumjue kwa siku tisa alizokaa juu ya dungu, maji pande zote, na wajukuu wawili mikononi.

Ilikuwa masika ya mwaka jana. Binti yake, Nusaiba, alikuwa amelazwa Kibiti mjini akisubiri kujifungua. Mpunga wa familia ulikuwa bondeni, upande wa Maparoni, na ndege hawangoji mtu ajifungue. Basi Bi Sijaona akawachukua watoto wa Nusaiba, Ashura wa miaka saba na Maryam wa miaka miwili, akaenda nao shamba. Wakaishi dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hukaa miezi ya kulinda mpunga. Ngazi moja, chumba kimoja, jiko la udongo kwenye kona.

Kwenye chakula cha watoto hakuwa na mchezo. Majirani wakiwanyamazisha watoto wao kwa biskuti na chai ya rangi, yeye aliwacheka waziwazi. Alitwanga kamba wakavu mpaka wakawa unga, akanyunyiza kwenye uji wa Maryam. Alipanda maboga chini ya dungu, akayaelekeza yapande nguzoni, achume majani bila kushuka. Wakamwambia anajifanya daktari. Akawajibu kwamba mtu akiwa na watoto mbali na kwake hana duka la kukimbilia, kwa hiyo duka lake ni lile boga.

Kisha mto ukapanda. Ukapanda, wasikilizaji, na haukushuka. Mtumbwi wake ulikata kamba ukaenda zake. Mpunga ukazama. Kufika adhuhuri ngazi ilikuwa imebakiza vipandio vinne, na simu ilikuwa imeisha chaji tangu juzi yake. Alipaza sauti kuita majirani, akasikia maji tu.

Ndani kulikuwa na mchele kidogo kwenye ndoo, kamba wakavu, nazi tatu, kuni za darini, na yale majani ya maboga yaliyokuwa yameshafika kwenye makuti. Maji ya kunywa aliyateka hapohapo chini, akayachemsha sana. Akatazama chakula chote, akaona kitawatosha watoto wawili kwa siku kumi. Watoto wawili. Mwenyewe hakujiweka.

Jioni alipakua sahani mbili. Ashura akauliza ya Bibi iko wapi. Bi Sijaona akajibu neno ambalo wapishi wengi tumelisema.

"Nimeshiba moshi."

Yaani kupika kwenyewe kumemshibisha. Ni neno la utani, la kumtoa mtu wasiwasi. Siku ya kwanza lilikuwa utani kweli. Siku ya pili likawa uongo. Siku ya nne alikuwa hana kingine tumboni ila maji ya moto na ukoko aliokwangua sufuriani watoto wakiwa wamelala.

Siku ya tano asubuhi aliinuka kuchuma majani, macho yakaingia giza, akaanguka chali. Baadaye alimsimulia Nusaiba kwamba alikuwa anasikia kila kitu, ila mwili haukumtii. Alisikia miguu midogo ikitembea kuelekea mlangoni, pale penye ngazi. Alijua ni Maryam, na alijua chini ni maji. Akataka kumwita, sauti haikutoka. Hakuwahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada.

Ashura alimdaka mdogo wake kwa gauni.

Mchana ule, alipoweza kuinuka, Bi Sijaona alipakua tena sahani mbili. Ashura akaisukuma ya kwake. Akaisukuma na ya Maryam.

"Na sisi tumeshiba moshi, Bibi."

Akagomba. Akabembeleza. Akatishia kumwambia mama yao, kana kwamba mama yao yuko barazani. Mtoto kakaza. Maryam, asiyejua hata anagomea nini, naye kafumba mdomo. Mtu mzima yule, hana pa kwenda, watoto hawali, akalia mbele yao bila kujificha. Halafu akatafuta sahani ya tatu. Haikuwepo. Akachukua mfuniko wa sufuria, akajipakulia wali, majani na kamba, akaanza yeye kula. Ndipo na wao wakala.

Siku nne zilizobaki chakula kiligawanywa mara tatu. Kilikuwa kidogo, na njaa ilikuwepo, lakini hakuanguka tena. Siku ya tisa alifika Yassin, mvuvi wa Maparoni, na mashua yake. Anasema hivi: "Nilijua naenda kubeba wagonjwa. Nikamkuta bibi ananigombeza nimechelewa, kisha ananikaribisha majani ya boga."

Nusaiba alikuwa amekwishajifungua salama, mtoto wa kike. Ule mfuniko ukatundikwa jikoni Mtawanya. Mwanamke yeyote akiaga kwenda dunguni na watoto, Bi Sijaona alimuuliza amebeba sahani ngapi, na asiyejitaja alirudishwa ndani.

Juzi kwenye msiba, Nusaiba hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mazishi, na bado ananyonyesha. Wanawake walimsihi, akasema ameshiba. Ashura, ambaye sasa ana miaka minane, akaingia jikoni. Akatoka na mfuniko wa bibi yake, umejaa wali na majani ya maboga, akauweka mapajani mwa mama yake na kukaa hapo kumtazama. Nusaiba akalia, akala.

Tunampa pole Nusaiba, tunawapa pole Ashura, Maryam na mdogo wao, na wana Mtawanya wote. Mwenyezi Mungu ampe Bi Sijaona kauli thabiti. Na wewe unayelea watoto wadogo popote ulipo, shambani, wodini, kwa watu, leo ukimaliza kupakua zitazame sahani. Kama yako haipo, chukua hata mfuniko.