Gunia Moja la Dada Navamani
Na Jebarani Asirvatham, Kwaya ya Kanisa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulitumikia kanisa letu la Jeevanallur, Dada Navamani Thangaraj, mwinjilisti wa wanawake, anastaafu tarehe 30 Aprili. Kamati imeniomba niandike nusu ukurasa wa kumuaga, nitaje uamsho na madarasa ya ubatizo, na "habari ya mchele" niiache ipite. Nusu ukurasa haukunitosha, na mchele umekataa kupita.

Alikuja kwetu akiwa mjane wa miaka ishirini na sita, na mwavuli mweusi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Aliwafundisha mama zetu kusoma kwa Zaburi. Alipatanisha mabiharusi na mama wakwe zao, mara kwa maombi, mara kwa kuwafungia jikoni mpaka wacheke. Kuimba hakujaliwa, ila hilo kwaya tulimsamehe zamani.

Kazi yake nyingine ilikuwa kukusanya mchele. Kwetu kila mama, kabla ya kuinjika chungu, hutenga konzi moja kwa ajili ya Bwana, na Jumamosi mwinjilisti hupita nyumba kwa nyumba kuuchukua, uwekwe kwa karamu ya mavuno. Lakini Dada Navamani alikabidhiwa magunia mawili, la Mtaa wa Juu na la Mtaa wa Chini. Kwenye meza ya Bwana tulinywea kikombe kimoja; kwenye karamu tulipika vyungu viwili, kwa sababu sisi wa Juu tuliamini kwamba wali wa Mtaa wa Chini, watoto wa wapiga ngoma za misiba, ungetuchafua. Jambo hilo tuliliita utaratibu.

Mwaka hadi mwaka aliomba lifutwe. Mzee Samuelraj, wakati huo mweka hazina, alikuwa na jibu lile lile: "Kanisa bado halijakomaa kiroho, dada. Ukiharakisha utavunja umoja."

"Umoja upi, kaka? Na miaka mia na hamsini tangu Injili itufikie hatujakomaa tu? Hata mti wa mvumo, na uvivu wake wote wa kuzaa, ungekuwa umeshazaa!"

Mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wake, asubuhi ya karamu, alitandika mkeka nyuma ya kanisa, akamwaga magunia yote mawili, akauchanganya mchele kwa mikono mpaka viwikoni. Mzee Samuelraj alikuja mbio, shuka la kiunoni nusura limdondoke.

"We mwanamke, umefanya nini?"

"Natayarisha chakula. Kama humu kuna punje ya mtaa wako, kaka, iite kwa jina itoke."

Mtaa wa Juu wote tukaondoka. Mama alinivuta mkono, na harufu ya nyama ya mbuzi ikanifuata mpaka nyumbani. Nililia sana, wala sikulilia umoja wa kanisa. Wa kwanza kurudi alikuwa Bibi Thayammal, mama mzazi wa Mzee Samuelraj, na fimbo yake. "Nimefunga tangu jana nikiingoja nyama hii," alisema, akaketi katikati ya wanawake wa Mtaa wa Chini. "Nipeni jani langu la mgomba nilie. Mwanangu ana hasira, mimi nina njaa."

Kamati ikamkatia Dada Navamani mshahara mpaka atubu mbele ya kanisa. Akasimama mbele, kweli, akawaombea wote waliolala njaa siku ya karamu, akarudi kuketi. Alikaa miezi saba bila mshahara, akila alichopewa na Mtaa wa Chini, na kila Jumamosi alipiga hodi kwetu na gunia moja. Akifungiwa mlango, Jumamosi inayofuata anarudi. Ilichukua miaka tisa hadi wengi wa mtaa wetu wakaketi mkeka mmoja na wenzao, na wapo ambao hadi leo siku hiyo hula kwao. Kama kanisa hili limekomaa hata kidogo, lilikomalia hapo, si kwenye semina.

Sasa kamati imetangaza kwamba, yeye akiondoka, kila mtaa "utasimamia mchele wake kwa utaratibu mzuri". Wazee wetu tunawaheshimu, na hatutafanya hivyo. Jumamosi iliyopita tulipita wanawake wanne, wawili kutoka kila mtaa, na gunia moja. Mzee Samuelraj, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti, alitusimamisha mlangoni kwake.

"Nani kawatuma nyie?"

"Hatukutumwa, baba," akajibu Kanagam wa Mtaa wa Chini. "Leta konzi yako, jua linatuchoma."

Mke wa mzee ndiye aliyeuleta mchele, akaumimina mwenyewe.

Dada Navamani, ahsante kwa ubishi wako. Tunakuombea miaka mirefu, magoti yasiyouma na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Tangu uje kwetu hujawahi kula karamu ukiwa umekaa, kwa hiyo mwaka huu usikanyage jikoni. Utaketi mkekani, katikati ya watu wote, na utapakuliwa wewe kwanza. Asiyetaka kula nawe, aje akatae mbele yetu.