Mama Beatrisi Hakupoa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Nguvumali, Tongoni, hadi kule Ushongo, sogeeni. Leo namkumbuka Mama Beatrisi Shehoza, mshauri nasaha. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kumpamba marehemu. Mama huyu aliwahi kukosea, tena vibaya, na nitawaeleza.

Alizaliwa Bumbuli, akateremka Tanga na mumewe aliyeajiriwa kwenye shamba la mkonge. Ushauri aliusomea ukubwani, wanawe wakiwa sekondari. Alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Alipenda kusema kwamba kusikiliza watu ndiyo ibada yake ya katikati ya wiki.

Miaka kumi na moja iliyopita mwalimu mmoja, Noa, alimjia kutaka ushauri. Jina hili nimeruhusiwa na mwenyewe kulitaja. Binti yake Noa, wa miaka minne, alikuwa amefariki kwa malaria. Homa ilipoanza, Noa alimwombea nyumbani siku mbili nzima kabla ya kumpeleka hospitali. Mkewe alikuwa safarini, hakujua habari za hizo siku mbili. Noa alimweleza Mama Beatrisi peke yake. Akamwambia hawezi kuomba tena, na kuishi kwenyewe hakutaki.

Alhamisi Mama Beatrisi akaenda kwenye jumuiya. Mnazijua jumuiya zetu. Mnaimba, mnasoma neno, kisha kila mmoja anatoa hitaji lake la maombi. Yeye akasema, kwa nia safi kabisa, "Tumwombee baba mmoja aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali." Jina hakutaja. Lakini jamani, mwezi ule mtaani kwetu tulizika mtoto mmoja tu.

Kufikia Jumapili mke wa Noa alishaambiwa. Jumatatu alifungasha, akaenda kwao Muheza. Hakurudi tena.

Noa anasimulia hivi: "Mama alikuja kwangu. Sikumkaribisha ndani, nilimwacha amesimama mlangoni. Hakusema shetani alimpitia. Alisema, 'Noa, siri yako nimeitoa mimi. Nimekosa.' Akataka kwenda kuungama mbele ya jumuiya. Nikamwambia, mama, ukiungama kule utanianika mara ya pili."

Basi akanyamaza. Akamtafutia Noa mshauri mwingine mjini, na Noa akaenda. Ndiyo maana yuko hai leo.

Tangu siku ile Mama Beatrisi alibadili kazi yake. Kabla ya mazungumzo alimwuliza mtu kwanza kama anataka habari za Mungu ziingie au zisubiri. Nasma wa Tongoni alitupigia simu asubuhi hii. "Nilimwambia mimi Mwislamu," anasema. "Akaniuliza, wewe ukizidiwa unamwambiaje Mungu? Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, wala hakuongeza lake."

Na kule jumuiyani? Alikuja kila Alhamisi, kwa miaka kumi na moja. Zamu yake ya kutoa hitaji ilipofika alisema, "Mimi leo sina." Wiki hii sina, wiki ijayo sina. Watu wakaanza kunong'ona. Mama amepoa kiroho. Elimu imemwondolea moto. Wakamtoa kwenye uongozi wa maombi.

Bintiye Ruthi anakumbuka siku hiyo. "Alirudi, akavua kilemba, akakaa jikoni akilia. Nikamwuliza kulikoni, akasema ni mafua."

Angeweza kujitetea kwa sentensi moja tu. Sentensi hiyo ingemrudisha Noa midomoni mwa watu, kwa hiyo hakuisema.

Jumamosi, kanisani, kiongozi wetu wa maombi alisimama kutoa salamu. Akasema dada yetu alikuwa mwema, ila mwishoni alipoa, basi tumwombee rehema. Noa akanyanyuka kutoka benchi la nyuma.

"Mtoto alikuwa wangu," alisema. "Aliyechelewa hospitali ni mimi. Mama huyu alitoa siri yangu mara moja tu, akaniomba radhi, kisha akaitunza mpaka kaburini. Mlipokuwa mnamwita baridi, alikuwa ananilinda mimi."

Ruthi ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Alikwenda akamshika Noa mkono, wakakaa benchi moja mpaka ibada ikaisha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu nawapa pole Ruthi, ndugu zake, na ukoo wote wa Shehoza, wa Bumbuli na wa Tanga. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize. Ukisema "tumwombee fulani", fulani umemwuliza? Na aliyenyamaza, unajua anamnyamazia nani?

Nawauliza ninyi, lakini mimi mwenyewe ni mwanajumuiya wa jumuiya ile. Neno la kwamba amepoa, mtu wa kwanza kulitamka nilikuwa mimi. Mama Beatrisi, nililisema mbele za watu, na leo nakuomba radhi mbele za watu. Nimekosa.