Kitako cha Bunduki ya Mzee Sayi

Mwaka ule wa sabini na sita, ukitaka sukari Bariadi ulipanga foleni tangu alfajiri, lakini ukitaka ujuzi hukupanga popote. Ulikwenda kwa Jumbe muuza kahawa, ukakalia ubao uliong'olewa kwenye lori bovu la pamba, ukagawiwa ujuzi hata usiouomba. Wakuu wa kijiwe hicho walikuwa wawili. Joakim aliitwa Kapteni kwa sababu alifika Burma wakati wa vita. Kwamba huko alikuwa akipika maharage, wenye adabu hawakulitaja. Januarius aliitwa Profesa kwa sababu alifundisha elimu ya watu wazima, mpaka darasa likabaki na mwanafunzi mmoja, naye ni mkewe.

Asubuhi hiyo Malimi alifika kwa baiskeli kutoka Sapiwi, kitu kirefu kimeviringishwa gunia nyuma. Aliwasalimu mwangaluka, wakamwitikia, akafungua gunia. Ilikuwa bunduki ya kuwindia ya baba yake, Mzee Sayi.

— Kesho Bwana Nyama, yule wa idara ya wanyamapori, anakuja kijijini kukagua bunduki, akasema. Iliyobadilishwa mti wake wa asili inachukuliwa. Mzee amesema atasimama mkutanoni aape kwamba ni ile ile, na kitako ni kile kile alichopewa na mzungu mwaka arobaini na nane. Nataka mnitazamie. Kuhakikisha tu.

Hakuwa anahakikisha chochote. Kitako hicho kilichongwa kwa mninga na seremala wa Shishiyu mwaka sitini na tisa, na Malimi ndiye aliyempelekea. Mzee alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa ngiri, kijana akaichukua bunduki kwenda kuwaringia wasichana kwenye mashindano ya ngoma. Akaiegemeza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ng'ombe wakasikia ngoma, nao wakataka kucheza. Gurudumu lilipanda juu ya kitako kikapasuka vipande vitatu. Miaka saba hakumwambia mtu. Leo alitaka kujua kama kuna jicho litakalomuumbua, akalipeleka tatizo lake kwa macho ya kijiweni.

Kapteni alikuwa wa kwanza kuishika. Akainusa.

— Inanuka samli.

Malimi akaitazama baiskeli yake. Samli alipaka yeye, kisha akakitundika kitako juu ya moshi wa jikoni kikazeeka mwezi mmoja badala ya miaka ishirini.

— Ndiyo dalili yenyewe, Kapteni akaendelea. Mwingereza bunduki yake anaipaka samli. Burma tulipaka tani nzima.

— Tani nzima, Jumbe akasema, na nyie mlikula nini?

— Jumbe, wewe mimina kahawa.

Profesa akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama anayepima nazi.

— Mti wa Ulaya huu. Mti wetu ukiugonga unajibu. Huu umenyamaza, una malezi.

— Lakini hapa kuna nafasi, Jumbe akasema, akiinama. Kati ya chuma na mti. Ukucha unaingia.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, Profesa akajibu. Unaona ukuta hapo?

— Sioni.

— Basi hakuna ufa.

Malimi akacheka kuliko kichekesho kilivyostahili. Jumbe, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa na akili, akaendelea.

— Namba je? Kwenye chuma ipo. Kwenye mti siioni.

— Iko ndani, Kapteni akasema. Mwingereza anaandika namba ndani ya mti, mti ukiwa bado mche. Halafu anaupanda.

— Anaupanda na namba yake?

— Samaki mkunje angali mbichi. Unadhani walitutawala vipi?

— Mti wenyewe najua ulipotoka, Profesa akasema, hakutaka kuachwa nyuma. Nyuma ya jumba la Malkia. Ilikatwa miti kumi tu. Bunduki kumi, kwa watu kumi waliojua siri.

— Siri gani?

— Ningeijua isingekuwa siri, ngosha.

Hapo Kapteni akapata ushahidi wa kumaliza kesi. Ubavuni mwa kitako palikuwa na mahali pamelainika, panang'aa kama jembe lililotoka shambani.

— Tazameni. Hapa ndipo Mzee Sayi amelaza shavu miaka ishirini na nane. Haba na haba hujaza kibaba. Seremala gani atachonga shavu la mtu? Kijana, nenda kalale. Ni cha asili.

Malimi akapumua. Mahali pale alipasugua mwenyewe wiki nzima kwa mchanga laini, kila mara akilaza shavu lake kupima panapofaa. Kazi nzuri, akajisifu, na akaagiza kahawa ya wote.

Wakati huo mgeni mmoja alikuwa ameshateremka kwenye basi la Maswa, amesimama na kisanduku chake cha mbao, akisikiliza habari za shavu. Alijitambulisha: Constantine, kinyozi, anatafuta kivuli cha kuweka kiti chake. Akaikodolea macho bunduki.

— Samahanini, wazee. Bunduki siijui. Najua mashavu tu. Huyo mzee anapigia mkono gani?

— Shoto, wakajibu wote.

— Hata ugali anakula kwa shoto, Kapteni akaongeza. Padre alimkataza akashindwa. Wilaya nzima inajua.

Kinyozi akaiomba, akaiweka bega la kushoto, akainamisha kichwa. Shavu lake likaangukia upande wa pili wa kitako, upande wenye mikwaruzo, ambao hakuna aliyeushughulikia.

— Mtu wa shoto analala huku, akasema. Sasa shavu hili linalong'aa ni la nani?

Jumbe akasahau buli mkononi.

— Kabla ya uhuru, Profesa akaanza polepole, mzee alikuwa wa kulia. Siasa ndiyo iliyomhamishia kushoto.

— Au ni la mzungu, Kapteni akasema. Shavu la mzungu halifutiki.

Walikuwa wanamwokoa, na Malimi aliliona hilo. Angeweza kuondoka na uongo mmojawapo hata Bwana Nyama akaukubali. Lakini alimwona baba yake amesimama mbele ya kijiji kizima, mkono wa kushoto juu, anaapa. Na kwa mara ya kwanza alijiuliza kwa nini mzee, tangu atoke hospitali, hakuwinda tena hata siku moja. Alisema macho yamekwisha. Malimi aliyaamini macho hayo kwa kuwa yalimfaa; huenda yaliona tangu siku ya kwanza kwamba kitako si kile. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

— Ni langu, akasema.

Akaanza kuviringisha gunia, akafunga fundo vibaya, akalifunga tena.

— Bwana Nyama ataichukua, Kapteni akasema kwa upole ambao hawakuuzoea.

— Aichukue. Nakwenda kumwambia Mzee, asiape.

— Kaa kwanza, Jumbe akasema, akimsogezea kikombe. Kahawa uliiagiza mwenyewe. Kunywa, ndipo uende.

— Nikinywa, Malimi akasema, sitakwenda.