Mwalimu Goreti Mnali, Aliyerudi Darasani na Swali la Ashura

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mtua, walimu mliotoka Ruangwa, na ninyi nyote mliopita mikononi mwake, familia ya mzee Kipriani Mnali inawaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya binti yetu, mke, mama na mwalimu, Goreti Kipriani Mnali, ambaye tunamzika leo tukiwa na majonzi, lakini vichwa vyetu tukiwa tumeviinua.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Machi 1959 hapa Mtua, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Kipriani na mama Marietha, waliovuka kutoka Msumbiji wakiwa vijana na kufungua shamba la mikorosho ambalo hadi leo linatulisha. Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza la saba mwaka 1974, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na mwaka 1976 akaingia kazini pamoja na wale walioitwa, mara nyingine kwa kejeli, walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akifundisha asubuhi na kusoma mchana, hadi alipopata cheti cha daraja la C mwaka 1979.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kilimarondo, hukuhuku wilayani kwetu Nachingwea, ambako watoto walikuwa wakikosa masomo kila mazao yalipokaribia kuiva, kwa kuwa walihitajika kulinda mashamba dhidi ya nguruwe na tembo, na huko ndiko alikokutana na Ladislaus Nandonde, fundi seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya shule. Walifunga ndoa tarehe 24 Oktoba 1981, wakajaliwa watoto watatu, Prisca mwaka 1982, Doreen mwaka 1985 na Kastori mwaka 1989. Watoto hawa wanakumbuka kwamba nyumbani kwao huwezi kusema mboga haina chumvi bila kuulizwa umejuaje, na kwamba mama yao hakuwa mpishi wa kusifiwa, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulibisha.

Mwaka 1986 alihamishiwa hapa Mtua, na hapa tunaomba tuseme kwa kirefu, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza jambo hili lisifichwe. Jumanne moja ya mwezi Mei 1994, katika hesabu za darasa la tano, aliandika ubaoni sita gawanya kwa nusu, akageuza nusu juu chini, akazidisha, akapata kumi na mbili, na darasa zima likanakili, isipokuwa Ashura Kaimu, msichana wa dawati la mbele, aliyenyoosha mkono.

"Samahani mwalimu," alisema Ashura, "kugawanya si kupunguza? Mbona jibu limekuwa kubwa kuliko sita?"

Marehemu alimwambia aache ubishi, akamsimamisha hadi kipindi kikaisha. Lakini alipotoka darasani moyo wake haukutulia, maana alijua hakumsimamisha mtoto kwa utovu wa adabu, alimsimamisha kwa sababu yeye mwenyewe, baada ya miaka kumi na minane ya kushika chaki, hakuwa na jibu, alikuwa akigeuza juu chini kama na yeye alivyokaririshwa. Mchana huo alipitia kwenye karakana ya mumewe, akamkuta anapima ubao wa mninga, akamweleza yaliyotokea.

"Mama Prisca, unaniuliza vibaya," mumewe alimjibu. "Niulize hivi, ubao wa futi sita unatoa vipande vingapi vya nusu futi?"

Akaweka alama za penseli kwenye ubao, na marehemu akavihesabu vipande kwa kidole, kimoja hadi kumi na viwili, kisha akakaa chini palepale kwenye maranda na kusema, "Kumbe miaka yote hii!"

Kesho yake asubuhi alimwita Ashura mbele ya wenzake, wote sitini na wawili, akasema, "Jana Ashura aliuliza swali zuri, nami nikamwadhibu kwa sababu sikujua jibu. Ashura, nisamehe." Hakuwapa jibu, aliwagawia vipande sita vya mwanzi kwa kila kikundi, akawauliza humo ndani mna nusu ngapi, na waliosoma darasa hilo wanasema kelele za kupata jibu zilimfanya mwalimu mkuu atoke ofisini akidhani kuna nyoka.

Tangu hapo aliacha kabisa kuuliza "Mmeelewa?", akisema swali hilo linawafundisha watoto kuitikia ndiyo tu, na badala yake akawa anauliza, ukikosea utajuaje, au ukibadilisha namba hii nini kitatokea, au mweleze jambo hili mdogo wako ambaye hajaanza shule, na pale mtoto alipokwama katikati ya maelezo, ndipo wote wawili walipoona pengo lilipo. Si kila mtu alifurahi. Katika mkutano wa wazazi wa mwaka 1995 walisimama watu kulalamika kwamba mwalimu anawauliza watoto mambo anayolipwa kuwaambia, na aliyepaza sauti kuliko wote, mzee Ismaily, alikaribishwa kukaa darasani siku nzima, akatoka akisema, "Mwanangu sasa amejua asichokijua, nyumbani hatanipa raha."

Yeye mwenyewe hakujihurumia. Mwaka 1996 alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli hisabati, akarudia mwaka 1998 na kufaulu, na baada ya mafunzo ya chuo akapanda kuwa mwalimu wa daraja la A mwaka 2000, mwaka uleule alipohamia Likunja, wilayani Ruangwa.

Huko Likunja, mwaka 2003, ilipotangazwa kwamba walimu wa madaraja ya chini lazima wajiendeleze wakiwa kazini, marehemu alipewa kikundi cha walimu kumi na wanne, watu wazima, wengine wakubwa kwake, wenye hofu ya kupoteza kazi na aibu ya kukiri mbele ya wenzao. Majuma matatu ya kwanza wote walisema wameelewa, huku kurasa za mazoezi zikiwa nyeupe. Juma la nne aliwasimulia habari ya Ashura bila kuficha kitu, akawagawia vikaratasi, akawaambia wasiandike majina, akauliza, "Ni swali gani mngeogopa mwanafunzi awaulize kesho?"

Alipovisoma kwa sauti, vikaratasi tisa vilikuwa na jambo moja, hesabu za sehemu. Mwalimu Shaban, aliyekuwa amebakiza miaka minne astaafu, akainuka. "Dada Goreti," alisema, "kimoja ni changu. Ukurasa ule nimeuruka miaka ishirini na mitano." Mwalimu Sabaha akasema na chake kimo, na wengine wakafuata, na siku hiyo, marehemu alivyotuambia, ndipo kikundi kilipoanza kusoma. Mwaka 2006 walifaulu mtihani wao kumi na mmoja kati ya wale kumi na wanne, na mwaka uliofuata mwalimu Shaban, aliyekuwa ameanguka mara ya kwanza, akafaulu, miezi michache kabla ya kustaafu kwake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Novemba 2007, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye hospitali ya misheni, akaendelea kusahihisha madaftari akiwa kitandani hadi Juni, na Alhamisi tarehe 14 Agosti 2008, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na mumewe na binti zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kuulizwa sababu ya kila kidonge, inawashukuru majirani waliopika, kuchota maji na kuchimba kaburi, na inawashukuru walimu wa Nachingwea na Ruangwa, hasa wale wa Likunja, mlioomba kulibeba jeneza lake ninyi wenyewe kutoka barabarani hadi hapa, nasi tukakubali.

Mwalimu Goreti, kazi uliyopewa umeifanya, nenda ukapumzike, Mungu akupe amani yake.