Ukali wa Keki ya Kitsao

Mimi Chome nauza kahawa hapa Mwabungo, na benchi lililo mbele ya banda langu nililigonga misumari kwa mkono wangu. Sikujua kwamba nawatengenezea wasemaji kiti. Kila asubuhi wapo: Chirau, tunayemwita Redio kwa sababu akishafunguka hazimiki, na Boga, tunayemwita Hakimu kwa sababu aliwahi kufagia mahakama ya Kwale. Asubuhi hiyo, uhuru ukiwa na mwaka mmoja na ushei, Kitsao mpishi alikuja na keki ya maembe kwenye sinia, ameifunika kawa. Ya majaribio, alisema, na uso wake haukuwa na raha.

Kitsao alimpikia memsabu mmoja kule Diani miaka tisa. Nusu mwaka baada ya bendera kupanda, memsabu alifunga virago akenda kwao, na Kitsao akakaa miezi saba bila kazi. Sasa nyumba za wageni za huko Diani zilikuwa zimepata msimamizi mpya, Mwafrika mwenzetu, naye angekuja kesho saa nne kuonja ile keki ya memsabu aliyosikia sifa zake. Ikimpendeza, Kitsao ni mpishi mkuu. Isipompendeza, mpishi anatoka Nairobi.

Keki yenyewe mikono yake iliijua: maembe mabivu yaliyokatwa vipande vidogo, makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Kilichomshinda ni ile sukari ya juu, inayong'aa na kuwa na ukali. Hiyo memsabu alikuwa akiipika mwenyewe, mlango umefungwa.

— Ni ukwaju, alisema Redio. Hata hilo ni la kuuliza?

— Ukwaju ni mweusi, akasema Kitsao. Ile ilikuwa nyeupe.

— Basi siki. Mzungu hali kitu bila siki.

Nikauliza siki kiasi gani.

— Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo mimina chupa nzima mara moja.

Hakimu alikohoa, akasema kesi ya siki haina ushahidi. Yeye alitaka mbilimbi, kisha akageuka akataka maziwa ya mgando, kisha akaja na kubwa kuliko yote.

— Ule ukali haukutoka kwenye tunda. Memsabu alikuwa akigombana kwanza na mumewe, ndipo akaingia jikoni. Wewe Kitsao na mkeo mnapatana mno.

— Mchumia juani hulia kivulini, Redio akaunga mkono. Nenda kamchokoze.

Tulicheka, na Kitsao naye akatabasamu, lakini kahawa yake hakuigusa. Nilimwonea huruma. Miezi saba ni mingi.

Ndipo akapita Bi Mishi, mama aliyehamia juzi kutoka Gazi, na kikapu cha ndimu kichwani. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba. Redio alimsimulia habari yote, akaongeza na chumvi yake. Bi Mishi akatua kikapu.

— Ndimu ninazo. Kuna za kukunja uso, na hizi zilizoiva zina utamu kidogo. Nieleze tu, mwanangu: ulipoionja, ilikuwa kali kiasi gani?

Kitsao akamtazama, kisha akatutazama sisi.

— Sikuionja, mama.

— Miaka yote tisa?

— Vipande vilihesabiwa. Vilivyobaki alipewa mbwa.

Redio aliangalia kikombe chake. Mimi niliona haya, maana asubuhi nzima tulikuwa tukimfanyia mzaha, na swali hilo hakuna aliyefikiria kumwuliza.

Bi Mishi hakumpa pole. Aliniomba kibakuli, kijiko na sukari. Akakamua ndimu mbili, akakoroga mpaka ikawa nzito, akafunua kawa, akamimina kidogo ukingoni mwa keki na kukata kipande pale pale. Hakimu akanyoosha mkono. Bi Mishi akaupiga.

— Mwenye keki kwanza.

Kitsao alitafuna polepole, macho chini. Nilidhani atalia, na angelia nisingemlaumu. Alimeza, akalamba kidole.

— Haijafika. Ongeza ndimu.

Redio hakuweza kuvumilia. Akauliza kama ndivyo ilivyokuwa ya memsabu.

— Ya memsabu siijui, akasema Kitsao, akavuta kibakuli karibu yake. Yangu ndiyo inataka ndimu.