Mama Vijiko na Kijiko cha Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa kumi na robo jioni, mkwe wa marehemu, yaani mke wa kifungua mimba wake, alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anachambua maharage, sinia mapajani, mawe upande huu na yaliyotobolewa upande ule, simu ikalia, na muuguzi wa wodi namba nne akasema kwa sauti ya chini kwamba mama amepumzika, na kwamba dakika chache kabla aliuliza wodini wamo wagonjwa wangapi, akajibiwa ishirini na sita, akasema, "Ishirini na tano, yule wa dirishani ameruhusiwa tangu asubuhi," muuguzi akaenda kuhakikisha, akakuta ni kweli, na aliporudi kumwambia hivyo mama alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo wakawa ishirini na nne. Mkwe alimaliza kwanza kuchambua yale maharage, maana watu wangekuja na wangetaka kula, kisha ndipo akalia.

Mama huyo ndiye tunayemzika leo, na anayesoma historia hii kwa niaba ya familia ni mkwe huyohuyo, kwa kuwa wana wa marehemu wote watano wamejaribu na hakuna aliyefika mstari wa tatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, ingawa yeye mwenyewe maisha yake yote alisema ni wa nne kati ya wanane, kwa sababu kabla yake alizaliwa kaka aliyeishi siku mbili tu, na watu wakimwambia huyo hahesabiwi, alikuwa akiuliza, "Kwani alikuja kwa nani, kwa jirani?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akaongoza kwa hesabu na akawa wa mwisho kwa nidhamu, kwa kuwa aliweka alama za chaki nyuma ya ubao kwa kila siku ambayo mwalimu wa darasa hakufika, na mkaguzi alipokuja na ubao ukageuzwa, zilikutwa alama arobaini na tatu. Hakuendelea na masomo, mama yake aliugua na wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia, na hapo ndipo alipoanza ile tabia ya kutogusa upawa mpaka kila mtu ahesabiwe.

Tarehe 17 Agosti 1968 alifunga ndoa na fundi mwashi, mzee wetu aliyekaa pale mbele na koti lake la kijivu, baada ya posa iliyokaribia kuharibika, maana washenga walituma habari kwamba wanakuja sita, wakaja saba, wa saba akiwa mjomba aliyesikia tu kwamba kuna kula, na binti akagoma kupakua, akasema kutoka jikoni, sauti ikafika sebuleni, "Watu wasiojua wako wangapi watajuaje wanamtaka nani?" Bwana harusi mtarajiwa akasimama, akahesabu wenzake kwa kidole, akaomba radhi, na mjomba akalishwa mlangoni. Mzee anasema siku ile alijua anaoa mtu ambaye hatapoteza kitu, na kweli, katika miaka hamsini na minne hakupoteza kitu, isipokuwa kijiko kimoja hakikurudi nyumbani, nacho tutakifikia.

Mungu aliwajalia watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili, na kila jioni waligongewa sahani kwa kijiko na kuhesabiwa kabla ya kupakuliwa, na jioni moja hesabu ikatoka sita, ikarudiwa, ikatoka sita, na ndipo ilipogundulika kwamba mtoto wa jirani alikuwa ameshakula pale wiki mbili, na kwa kuwa alikuwa ameshazoeleka hakufukuzwa, aliongezewa sahani. Mkwe alipoletwa kwenye nyumba hii hakuambiwa karibu wala hakukumbatiwa, aligongewa sahani, mama mkwe akasema, "Tisa," na kuanzia hapo akajua ameshafika.

Tarehe 7 Januari 1974 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2007, na huko ndiko alikopata jina la Mama Vijiko. Utaratibu wake wengi mnaujua, kwa sababu mlipita mikononi mwake. Kila mtoto alikuwa na kijiko chenye namba iliyokwaruzwa kwa msumari kwenye mpini, watoto mia nne na kumi na wawili, vijiko mia nne na kumi na viwili, ukiingia unachukua, ukitoka unarudisha, na kikipungua kimoja hakuna anayetoka, hata kengele ilie mpaka ichoke. Mwalimu mkuu aliwahi kumwambia kwamba shule ina daftari la mahudhurio, akamjibu, "Daftari linasema nani ameandikwa, mimi nasema nani amekula."

Sasa tunafika Alhamisi tarehe 21 Mei 1992, ambayo katika nyumba hii haizungumzwi sana, lakini historia haiwezi kuiruka. Siku tatu kabla, dobi wa mtaa wa pili, mama aliyehamia na binti yake wa miaka tisa, alimlalamikia marehemu kwamba shule imemkataa mtoto mpaka barua ya uhamisho ifike, basi anashinda chini ya meza ya kupigia pasi, na marehemu akamwambia, "Mlete. Barua itamkuta ameshiba." Vijiko vya shule havikuwa na ziada, kwa hiyo alichukua kijiko kutoka nyumbani, nacho kilikuwa cha mumewe, na mzee kwa siku tatu mfululizo alikula kwa upawa, huku akiuliza kila mlo, "Mke wangu, kijiko changu kimekwenda wapi?" naye akijibiwa, "Kiko shuleni, kinasoma."

Alhamisi hiyo, saa nne na dakika ishirini, watu wenye silaha waliingia shuleni. Walidai baadaye kwamba walikuwa wanapigania jambo kubwa, na marehemu, alipoulizwa na mwandishi wa habari anasemaje kuhusu jambo hilo, alisema kwamba jambo linalohitaji mtoto wa miaka tisa afe si jambo, na akarudi kuosha sufuria. Yeye alikuwa jikoni, akawasukumia ndani ya stoo ya unga watoto waliokuwa karibu, akiwahesabu wanavyoingia, thelathini na mmoja, akaingia naye, akafunga na kuegemeza gunia, na baada ya saa nzima askari walipogonga wakisema, "Fungueni, sisi ni askari," alijibu kutoka ndani, "Mko wangapi?" askari wakatazamana, mmoja akasema tisa, mwingine akasema kumi, akawaambia wakakubaliane kwanza, na hakufungua mpaka walipohesabiana kwa sauti, wakawa kumi. Watoto walitoka weupe kwa unga kama mikate mibichi, thelathini na mmoja, na baadhi yao wamekaa hapa leo na vitambi vyao. Binti wa dobi hakuwa katika hao. Alikuwa uwanjani, na marehemu aliwahi kumwambia mkwe wake mara moja tu, wakikunja mashuka, "Mimi ndiye niliyesema mlete," kisha akaomba apewe ncha nyingine ya shuka.

Tarehe 30 Mei ulifanyika mkutano wa maombolezo uwanjani, mji mzima ulikuja, watu wana hasira hata ya viti, kwa sababu viti vilikuwa vya wakubwa na wafiwa wamesimama, na mheshimiwa mmoja akapanda jukwaani, akasoma karatasi, akasema taifa limepoteza watoto wapatao kumi na wanane. Marehemu alipita katikati ya watu na kopo lake la vijiko, aproni kiunoni, akasema, "Mheshimiwa, watoto si magunia ya mkaa uwakadirie kwa macho. Na ni kumi na tisa." Akaanza kutoa vijiko, kimoja kimoja, akimtaja kila mtoto kwa jina na kwa tabia yake ya mezani, huyu alikuwa anaficha vitunguu chini ya sahani, huyu akishiba anaimba, huyu alimwomba aongezewe halafu akampa mwenzake, na huyu, Mungu amrehemu, hakuna siku aliyonawa mikono bila kusukumwa, na watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, kisha kicheko kikageuka na uwanja mzima ukalia. Kijiko cha kumi na tisa hakikuwa na namba. Msaidizi wa mheshimiwa alimnong'oneza mkubwa wake, lakini kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, na wote tukasikia, "Huyo wa mwisho hayumo kwenye daftari."

Basi hapo ndipo vita vilipoanza. Kwa sababu hayumo kwenye daftari, hakuwekwa kwenye orodha, na kwa sababu hayumo kwenye orodha, jiwe la kumbukumbu lililojengwa mbele ya ofisi ya mji likaandikwa, WATOTO WETU 18, na aliyepewa kazi ya kulichonga, ndugu waombolezaji, alikuwa mzee wetu huyuhuyu, ambaye alichonga alichoandikiwa, akarudi nyumbani, akanawa, akakaa, akaletewa sahani tupu.

"Mama watoto, chakula kiko wapi?"

"Hakimo kwenye daftari."

Alikula kwa dada yake karibu miaka miwili. Marehemu naye, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, alikwenda kwenye jiwe na kipande cha mkaa, akifuta nane kwa mstari na kuandika tisa pembeni, na bawabu wa ofisi alikuwa na amri ya kufuta, akafuta, wiki ya pili akafuta, mpaka mwezi wa pili akawa anamwuliza, "Mama, leo utaandika saa ngapi? Maji yanakatika saa nne, nataka nifute mapema nikafue," na marehemu akaanza kuwahi ili asimcheleweshe. Dobi alikuwa anakuja naye, anasimama pembeni na kikapu cha nguo za watu. Kisha mama wa mmoja wa wale kumi na wanane akaja na kijiko na kopo tupu, akakaa kwenye ngazi za ofisi, akagonga, akaja wa pili, na kufika Mei 1994 walikuwa wanakaa watu mia tatu na zaidi, wanagonga kuanzia asubuhi mpaka ofisi inafungwa, mpaka karani wa masijala akawa anazungumza na mkubwa wake kwa vikaratasi ingawa wamekaa meza moja. Wakubwa walisema suala linashughulikiwa. Barua ya uhamisho ya mtoto, kwa taarifa yenu, ilifika mwaka huo, ikiwa na mihuri mitatu, ikapelekwa kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akamletea marehemu jikoni, akasimama nayo hapo bila kujua aiweke wapi.

Jumapili tarehe 22 Mei 1994, saa sita mchana, watu wametoka ibadani, mzee wetu alivaa koti hilihili la kijivu alilooa nalo, akapakia ndoo ya saruji na mwiko kwenye toroli, akalisukuma katikati ya barabara kubwa mpaka kwenye jiwe, akapiga magoti, na kwa kuwa yeye ni fundi alijua jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria kwa miaka miwili ya mkaa, kwamba ukiiziba nane upande wa kushoto wa tumbo lake la chini, inakuwa tisa. Ilimchukua dakika kumi. Ofisa wa zamu alitoka mbio na chakula mkononi, akauliza ni nani aliyempa ruhusa, mzee akasema, "Kazi yangu ilikuwa na kosa, nimekuja kuirekebisha, sitozi," ofisa akasema mtoto huyo hatambuliki, na mzee, ambaye si msemaji, mnamjua, akasimama akajipangusa magoti, akasema, "Bwana mdogo, amekula siku tatu kwa kijiko changu. Mtu anayekula kwa kijiko chako humjui?" Bawabu alikuwa amesimama hapo na ndoo yake, ofisa akamwamuru afute, bawabu akasema saruji haifutiki kwa maji, na kwamba hata hivyo maji yameshakatika. Jiwe liko hivyo mpaka leo, nendeni mkalitazame, saruji ya upande ule ina rangi tofauti kidogo. Jioni hiyo mzee alipakuliwa, na dobi alikaribishwa, akagongewa sahani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2016, na figo mwaka 2021, akatibiwa kwa kulazwa na kutolewa mara sita, yeye alisema saba kwa sababu aliihesabu pia ile mara aliyorudishwa kutoka mapokezi, mpaka mauti yalipomfika siku tuliyoitaja mwanzo, akiwa na miaka sabini na sita. Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na mtoto wa jirani.

Familia inawashukuru madaktari, hasa yule kijana aliyekubali kumhesabia vidonge mbele ya macho yake kila asubuhi bila kununa, wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti na kuvihesabu, wapishi wenzake, wazazi wa wale kumi na tisa, na bawabu, ambaye amestaafu na amekuja kutoka mbali akiwa amevaa kiatu kimoja cha mwanawe kwa haraka.

Jana saa moja jioni, marehemu akiwa ameshaletwa na kulazwa chumba cha mbele, mkwe alipika yale maharage, akapakua, na mzee akachukua kijiko chake cha chai, anachokula nacho tangu mwaka 1992 kwa kuwa hakutaka kununuliwa kingine, akagonga sahani, akatuhesabu, watoto, wakwe, wajukuu, dobi, mtoto wa jirani, akasema ishirini na wawili. Mkwe akahesabu naye, akamwambia taratibu, "Baba, tuko ishirini na mmoja." Mzee akaonyesha mlango wa chumba cha mbele kwa kile kijiko.

"Bado hajaondoka," akasema. "Mhesabu."

Tukamhesabu, ikatimia, tukala. Mama, wote tupo. Pumzika kwa amani.